Mama katoka hospitali figo zikiwa zimeumia ghafla, kaka katuma vitamini D ya 50,000 kutoka Maskati. Nimpe?

BintiTongoni — Ijumaa, saa 3:20 usiku

Habari za usiku wadau, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada wenu, maana hapa nilipo nina pakiti ya dawa mkononi na sijui niifanyie nini.

Mama yangu ana miaka 63. Wiki tatu zilizopita tulikuwa na harusi ya binamu, tukala pilau iliyopikwa alfajiri ikaliwa mpaka jioni, na watu kama kumi hivi wakaharisha. Wengi walipona kesho yake. Mama aliharisha siku mbili na nusu, akawa anatapika, na kwa kuwa magoti yake humsumbua, katikati ya hayo yote aliendelea kumeza diklofenaki zake mbili kwa siku kama kawaida. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kitandani, macho yameingia ndani. Nikimfinya ngozi ya mkono inabaki imesimama, hairudi. Nikamuuliza amekwenda haja ndogo lini mara ya mwisho. Akafikiri kwanza. Akasema, "Jana asubuhi, nadhani."

Hospitali kreatinini, ule uchafu wa kwenye damu ambao figo zikiumia hupanda, ilisoma 312. Daktari alituambia figo zimeumia ghafla kwa kuishiwa maji, na zile dawa za maumivu zikaongezea. Alisema tungechelewa siku mbili tatu zaidi tungekuwa tunazungumza habari ya mashine ya kusafisha damu. Wakamtundikia dripu, na sisi tukaambiwa tupime kila tone la mkojo. Nilichukua chupa ya maji ya lita moja, nikaikata shingo, nikaichora mistari kwa kalamu ya wino. Siku ya kwanza kutwa nzima tulifika mstari mmoja tu, mililita mia na kidogo. Siku ya nne chupa ilijaa, nikaimwaga, ikaanza kujaa tena, nami nikasimama mle chooni nalia kwa furaha. Alitoka kreatinini ikiwa 148. Jumatatu hii anarudi kupimwa.

Sasa kaka yangu yuko Maskati mwaka wa kumi na moja. Bili ya hospitali kalipa yeye, senti kwa senti. Huko kasoma kwenye simu kwamba vitamini D hulinda figo zisiumie ghafla, basi akampa mtu anayekuja huku pakiti moja ya kapsuli 15, yuniti 50,000 kila moja. Ni vidonge laini, ukikiweka kwenye mwanga kinang'aa kama tone la samli. Ananiambia nimpe mama kimoja kila siku, hizi zikiisha atatuma nyingine, mwezi mzima, figo zipate nguvu. Kwenye pakiti imeandikwa kimoja kwa wiki. Nikamwambia. Akasema hiyo ya wiki ni ya watu wazima wa afya, mama anahitaji zaidi.

Sitaki aone nadharau alichotuma. Na kweli mama jua halioni: akitoka amevaa baibui, na tangu magoti yaanze kuuma kutwa yuko ndani. Kwa hiyo naona huenda kweli ana upungufu.

Naomba mnieleze. Ni kweli vitamini D inalinda figo? Nimpe? Na kama ni kumpa, kiasi gani?

---

Kingo_71 — Ijumaa, saa 3:52 usiku

Pole sana na kuuguza, dada. Mungu amjalie mama afya.

Mimi nadhani mpe tu. Ni vitamini, si dawa kali. Mwenyewe natumia mwaka wa pili sasa na viungo vimekuwa vyepesi. Mwili ukiwa nayo nyingi huitoa kwenye mkojo, kwa hiyo sioni itamdhuru nini. Kaka yako amefanya jambo la maana.

---

NesiWaUsiku — Ijumaa, saa 4:35 usiku

Pole na kuuguza, mdogo wangu. Usimpe. Nalitanguliza hilo ili usisubiri mpaka nimalize kuandika.

Niko kitengo cha kusafisha damu mwaka wa 14 huu. Mimi ni nesi, si daktari. Dozi ya mama ataiamua daktari wenu Jumatatu. Lakini wagonjwa wa figo nakaa nao saa nne nne kwenye kiti, na jambo hili nimelisoma kwa sababu kila mwezi kuna ndugu wa mgonjwa analiuliza.

Kaka yako hakuzua. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D ambayo bado ni mbichi. Ini huibadili mara ya kwanza, na hiyo ya kwenye ini ndiyo maabara huipima. Halafu figo huibadili mara ya pili ndipo inakuwa kalsitrioli, yenye nguvu kamili. Yaani kiwanda cha mwisho ni figo zenyewe. Tena ndani ya vile vijifereji vya figo kuna vipokezi vya kalsitrioli, na inapokaa kwenye kipokezi chake hutuliza uvimbe ndani ya seli na kupunguza renini, ile homoni inayopandisha presha. Watafiti wamebana mshipa wa figo za panya kwa muda kisha wakauachia, au wamewapa panya sisplatini, dawa ya saratani inayojulikana kwa kuumiza figo. Panya waliotangulia kupewa dawa za jamii ya vitamini D figo zao ziliumia kidogo kuliko za wenzao. Hilo limeonekana zaidi ya mara moja. Na kwa binadamu, wagonjwa mahututi wenye vitamini D ya chini wameonekana kuumia figo mara nyingi zaidi. Nina hakika hayo ndiyo aliyoyasoma.

Ila panya wale walipewa kabla ya kuumizwa. Mama yako kaumia tayari, na tena yumo katika kupona. Halafu hao wagonjwa mahututi, ugonjwa mkali wenyewe hushusha kipimo: protini inayobeba vitamini D kwenye damu hupungua, na dripu nyingi huizimua damu. Ukikuta mtu yuko hoi na vitamini D yake iko chini, huwezi kusema moja kwa moja kwamba upungufu ndio uliomfikisha hapo. Huenda kufika hapo ndiko kulikoleta upungufu.

Watu wamejaribu kuwapa. Graz, Austria, waliwachukua wagonjwa mahututi 492 wenye upungufu, nusu wakapewa yuniti 540,000 kwa mpigo kisha 90,000 kila mwezi, nusu wakapewa isiyo na dawa. Matokeo yalitoka 2014: siku za kulala hospitali zilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Wale waliokuwa na upungufu mkubwa kabisa walionekana kufa wachache zaidi wakiwa hospitalini, ndipo Wamarekani wakafanya jaribio kubwa zaidi, wagonjwa wenye upungufu zaidi ya elfu moja, 540,000 ile ile, matokeo yakatoka 2019. Vifo ndani ya siku 90 havikupungua. Majaribio hayo swali lao la kwanza halikuwa figo, nalisema wazi. Lakini ukiyasoma huoni mahali pa kusimama useme: mpe mama 50,000 kila siku, zitamlinda. Katika miaka yangu 14 sijaona daktari wa figo akiandika vitamini D kama dawa ya figo zilizoumia ghafla.

Kaka Kingo, nakuheshimu, ila hapo kwenye mkojo sivyo. Vitamini C na jamii ya B ndizo hutoka na mkojo zikizidi. D hukaa kwenye mafuta ya mwili. Ikishalundikana huko inatoka taratibu sana, wiki na miezi, hata mtu akiwa ameshaacha kumeza.

Sasa sikiliza kwa nini nilianza na neno "usimpe". Kazi kubwa ya vitamini D ni kuingiza kalsiamu mwilini. Ikizidi, kalsiamu inapanda kwenye damu, na kalsiamu nyingi ni adui wa figo. Hubana vimishipa vinavyopeleka damu kwenye figo. Huzifanya figo zishindwe kuzuia maji, mtu anakojoa sana, anakauka, yaani unamrudisha mama pale pale mlipomtoa kwa dripu. Na ikikaa muda mrefu kalsiamu huganda ndani ya figo kama chokaa kwenye birika. Figo za mtu mzima mwenye afya zitavumilia kidogo. Za mama bado mbichi, zina wiki tatu tu tangu kuumia.

Piga hesabu hii. Mtu wa umri wa mama anahitaji yuniti 600 kwa siku, akivuka 70 ni 800. Hata ukihesabu kwa hiyo 800, kapsuli moja ya 50,000 ni ya miezi miwili. Thelathini ni milioni moja na nusu.

Kama kweli ana upungufu, atapimwa, na daktari atampa kwa kiasi chake. Upungufu hutibiwa, na kuutibu ni vizuri kwa mifupa. Nachokataa mimi ni 50,000 ya kila siku bila kipimo.

Kitakachozilinda figo zake ni vitu ambavyo havitumwi kwa ndege. Diklofenaki iondoke nyumbani, na ndugu zake: ibuprofeni, indometasini, na zile sindano za maumivu za dukani. Akiharisha tena, chumvichumvi za paketi zianze siku hiyo hiyo, na kwenda haja ndogo kuhesabiwe kama ulivyofanya kwa chupa yako. Hiyo chupa, mdogo wangu, nimeisoma mara mbili. Kuna wodi ambazo hata sisi wenye kazi hatupimi vizuri hivyo.

Halafu niambie: mama anatumia dawa gani ya presha?

---

BintiTongoni — Ijumaa, saa 5:10 usiku

Dada Nesi asante, Mungu akuzidishie. Nimetetemeka.

Nimeamka nikaenda kwenye kopo lake la biskuti, ndimo anamowekea dawa. Mlikuwa na diklofenaki karatasi nzima na nusu. Na dawa ya presha ni haidroklorothiazaidi, vidonge vidogo vyeupe. Karatasi ya kutoka hospitali imeandikwa kabisa: isimamishwe mpaka tarehe ya kurudi. Sikumsomea. Niliiweka kwenye bahasha na picha za figo, basi. Yeye kaendelea kumeza kimoja kila asubuhi kama miaka yote.

Kubwa zaidi ni hili. Nilipoandika mwanzo nilisema kapsuli ni 15. Niliisoma kwenye boksi. Sasa nimezitoa nikazihesabu. Ziko 11.

Nimemwamsha. Kasema kaka alimpigia Jumatatu pakiti ilipofika, akamwambia aanze tu asinisumbue mimi nina mambo mengi. Kameza Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na leo. Nikamwambia mama, kwa nini hukuniuliza? Kanitazama, akasema, "Mwanangu katoa dawa Arabuni, niiache ilale?"

Nifanye nini sasa hivi? Nimpeleke usiku huu?

---

NesiWaUsiku — Ijumaa, saa 5:21 usiku

Tulia, mdogo wangu. Kaa kitako.

Nne ni yuniti 200,000. Ni nyingi kwa mtu ambaye hakupimwa, lakini wale wagonjwa niliokueleza walipewa 540,000 kwa siku moja na hawakuangamia nayo. Wewe umeikamata mapema. Hofu yangu kubwa ilikuwa mwezi mzima, na huo hautakuwepo.

Ondoa kapsuli, ondoa diklofenaki, na hiyo haidroklorothiazaidi isimamishwe kama karatasi inavyosema. Dawa hiyo ya presha huizuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Mtu anayemeza vitamini D nyingi juu yake anaziba njia ya kutokea huku anafungua ya kuingilia. Presha mpimie kesho asubuhi na jioni, kama kuna kipimo kwa jirani au duka la dawa. Namba ya juu ikiwa 160 na zaidi, au kichwa kinamuuma sana, usingoje Jumatatu.

Niambie yakoje haya: ana kiu isiyo ya kawaida? Anaamka usiku kukojoa kuliko zamani? Kichefuchefu? Choo kimekuwa kigumu au kimefunga? Anachanganya maneno au anasinzia mchana? Kama hana, kesho mpe maji yake kama daktari alivyoagiza, na kama kuna maabara iliyo wazi Jumamosi mkapime kalsiamu na kreatinini bila kungoja. Kama lipo mojawapo la kutapika au kuchanganyikiwa, hiyo ni safari ya usiku huu huu.

---

BintiTongoni — Ijumaa, saa 5:34 usiku

Hana kiu. Usiku anaamka mara moja, ndivyo siku zote. Choo kilikuwa kigumu juzi lakini leo ameenda. Ananijibu vizuri, tena ananigombeza kwa kumwamsha.

---

NesiWaUsiku — Ijumaa, saa 5:36 usiku

Akigombeza vizuri, alale. Na wewe lala.

---

UmmuSalma_Maskati — Jumamosi, saa 1:05 asubuhi

Assalaam alaykum. Nimesoma baada ya sala nikashindwa kupita kimya, kwa kuwa haya yametukuta nyumbani kwetu.

Kwanza mwanangu usimwone kaka yako mjinga. Mie ni mtu wa Unguja, huku nina miaka 22. Huku vitamini D iko kila nyumba. Mwezi wa sita na wa saba joto linapita 40, mtu anatoka kwenye nyumba yenye kiyoyozi anaingia gari yenye kiyoyozi anakwenda ofisi yenye kiyoyozi, sisi wanawake ndani ya abaya. Jua lipo nje na hatulioni. Watu wengi wakipimwa wanakutwa iko chini, na daktari huandika hiyo hiyo 50,000, mara moja kwa wiki, wiki kadhaa, kisha wanapunguza. Kaka yako anawaona watu wakimeza na wako salama. Lile neno "wiki" ndilo hakulipa uzito.

Baba mkwe wangu alikuwa na miaka 71. Alipimwa ikawa chini, akapewa 50,000 kwa wiki. Dawa zake alikuwa akipewa na msichana wa kazi, na sisi tulimwambia kwa mdomo tu, hatukumwandikia. Akawa anampa moja kila siku baada ya chakula cha mchana. Zikiisha, mmoja wetu akipita dukani ananunua nyingine. Hakuna aliyekaa akahesabu. Ilikwenda hivyo karibu miezi mitatu.

Alianza na kiu. Alikuwa na jagi kando ya kitanda, usiku analimaliza, tunamjazia. Tukasema ni sukari, tukampima sukari, hamna. Kisha hamu ya chakula ikaondoka, kahawa aliyoipenda akawa anaisukuma mbali. Choo kikafunga. Siku moja akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akakasirika nilipomwambia mie siye. Hapo ndipo tukamkimbiza.

Kalsiamu ilikuwa 3.6, juu mno. Daktari alivyoiona akauliza swali moja tu, "Anameza vitamini?" Kreatinini 270, na alikuwa mtu ambaye figo zake hazikuwahi kuwa na neno. Kipimo cha vitamini D kilipita mwisho wa mashine, karatasi ikaandikwa "zaidi ya" halafu namba. Alipewa dripu ya maji ya chumvi mchana na usiku, akapewa na predinisoloni, akakatazwa vitamini na maziwa. Alirudi nyumbani baada ya siku tisa lakini kalsiamu haikutulia mara moja. Ikishuka, ikipanda tena. Tulikuwa tukienda kupima kila wiki, yapata wiki kumi. Zile zilizojificha kwenye mafuta ya mwili zilikuwa zinatoka kidogo kidogo, ndivyo daktari alivyotueleza.

Kreatinini haikurudi ilikokuwa. Ilikaa 130 mpaka alipofariki kwa jambo jingine miaka minne baadaye. Yule msichana wa kazi alilia sana, na mie nilimwambia kosa si lake, ni letu tuliokuwa tukinunua bila kutazama.

Mama yako nne, wetu karibu tisini. Mshukuru Mola. Na kaka yako mtumie picha ya pakiti pale palipoandikwa kwa wiki, kwa Kiarabu, aisome mwenyewe. Mwambie kwa upole. Mtoto aliye mbali na mama yake mgonjwa anatafuta cha kufanya kwa mikono, na mikono haifiki.

---

MtuWaMaabara — Jumamosi, saa 4:40 asubuhi

Dada BintiTongoni, pole. Nafanya kazi maabara, nina mambo mawili ya haraka.

Majibu ya vitamini D yakitoka, angalia yameandikwa kwa kipimo gani. Maabara nyingine hutumia nanomoli kwa lita, nyingine nanogramu kwa mililita, na tofauti ni mara mbili na nusu: 50 ya nanomoli ni 20 ya nanogramu. Nimeona mtu ana 75 ya nanomoli, ambayo haina neno, akalinganisha na jedwali la mtandaoni akadhani amezidiwa. Na wa 28 ya nanomoli, aliyekuwa na upungufu kweli, akadhani yuko karibu na 30 inayotakiwa. Na kalsiamu waombe waisome pamoja na albumini, ile protini ya kwenye damu. Mama ametoka kuugua, albumini yake inaweza kuwa chini, na hapo kalsiamu ya jumla huonekana ndogo kuliko ilivyo kweli.

Kuhusu jua, kuna watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe hapa hapa Tanzania, wakachapisha 2012. Wastani wao ulikuwa 115 ya nanomoli, bila kidonge chochote, watu wanaoshinda nje. Mama akiweza kukaa uani saa nne asubuhi, mikono na miguu wazi, robo saa au nusu saa siku nyingi za wiki, ngozi yake itafanya kazi yake, na ngozi haizidishi dozi: ikishatosha, jua lile lile huvunja ya ziada. Samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa wa baharini nao wana vitamini D. Tanga havikosekani.

---

Kingo_71 — Jumamosi, saa 6:15 mchana

Dada Nesi, nimekusoma. Nilikosea kumwambia ampe, naomba radhi kwa BintiTongoni. Chupa yangu nimeitazama: yuniti 5,000, namezaga kila siku, sijawahi kupima hata mara moja. Nimesimamisha. Wiki ijayo nakwenda kupima na mimi.

---

NesiWaUsiku — Jumamosi, saa 8:02 mchana

Kaka Kingo, vizuri. Kikomo kwa mtu mzima asiyesimamiwa na daktari ni 4,000 kwa siku, na wengi hawahitaji hata nusu ya hiyo. Pima na kalsiamu na kreatinini pia.

---

BintiTongoni — Jumatatu, saa 2:45 usiku

Wadau, narudi na majibu kama nilivyoahidi moyoni.

Jumamosi maabara tuliyoifikia ilikuwa imefunga, kwa hiyo tulikwenda leo asubuhi kama ilivyopangwa. Presha Jumamosi ilikuwa 148, jana 152, leo kwa daktari 150. Kreatinini imeshuka, 121. Kalsiamu, wakishaisahihisha kwa albumini, 2.58. Daktari alisema iko ukingoni, haijavuka. Nilimweleza yote bila kuficha, kopo la biskuti, kapsuli nne, karatasi niliyoiweka kwenye bahasha bila kumsomea mama. Hakunifokea. Alisema wengi huficha na yeye anabaki kubahatisha. Haidroklorothiazaidi kaifuta kabisa, kampa amlodipini. Magoti atapewa mazoezi na parasetamoli. Kalsiamu irudiwe baada ya wiki mbili, kwa sababu ile aliyomeza bado imo mwilini. Sampuli ya vitamini D imepelekwa Dar, majibu wiki ijayo, na mpaka yatoke asimeze hata tone.

Mama Ummu Salma, nilifanya ulivyoniambia. Nilimtumia kaka picha, nikampigia, nikaweka simu yenye sauti kubwa mbele ya mama. Nikamsomea ulichoandika juu ya baba mkwe wako, toka jagi la maji mpaka wiki kumi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akamuuliza mama, "Unajisikiaje?" Mama akamjibu, "Mie mzima. Dawa yako nzuri, ila nimeambiwa nimeshiba." Kaka akacheka huku sauti inatetemeka. Kaniomba kila kipimo kikitoka nimtumie picha, na atalipia vipimo vya wiki mbili zijazo.

Kapsuli 11 nimeziacha dirishani kwa mfamasia wa hospitali. Karatasi ya kutoka hospitali nimeibandika ukutani juu ya kopo, na dawa za kuacha nimezipigia mstari mwekundu. Leo saa nne mama alikaa uani kwenye mkeka, anachambua mchele, miguu juani.

Chupa ya mistari nimeirudisha chooni. Tangu asubuhi mpaka saa hizi, mililita 1,400.